Mkono wa Joho

Mimi Jöns, mpiga kengele na mchimba makaburi,
nasema niliyoyaona. Shule sikwenda.
Alfabeti yangu ni kamba: mbili kwa mwanamume,
moja kwa mwanamke, na mtoto namvutia nusu.

Mchungaji Forselius alikuja kwetu Jämtland
na Biblia, na binti, na sanduku la ngozi ya kulungu.
Tukadhani fedha. Kumbe hadubini,
jicho la shaba lenye mguu mmoja kama korongo.

Kipupwe cha kwanza tulimwogopa.
Unamkuta alfajiri nyuma ya kanisa
kanyosha mkono kama aombaye sadaka,
theluji ikishuka juu ya joho jeusi,
naye anaichungulia pale mkononi, hapumui.
Nikamuuliza. Akajibu, akishatua pumzi:
"Jöns, pumzi yangu kwake ni jehanamu."

Chupa ya wino aliibana kwapani isigande,
hata mimbarini. Jumapili moja
akainua mikono atubariki, ikadondoka.
Doa lipo hadi leo. Mjane Gölin
hulizunguka kama anayekwepa nyoka.

Ni huyo Gölin aliyesimama kikaoni:
"Theluji ni ghala la Mungu. Tangu lini
mchunga kondoo akamhesabia mwenye shamba magunia?"
Mchungaji akakuna kidevu.
"Mama, ukipewa shuka iliyotariziwa,
utailalia bila kuutazama uzi?"
Gölin akasema yeye hulalia majani makavu.
Hapo mchungaji hakuwa na neno. Tukatawanyika.

Mchoraji alikuwa Malin, binti yake,
miaka kumi na miwili, vidole vimepasuka kwa baridi.
Siku moja akaniita: "Njoo uone."
Nikaweka jicho. Shaba ikaniuma kope.
Mle ndani nyota ya ncha sita,
kila ncha ina unyoya, kila unyoya una ncha zake,
kazi ambayo sonara wa mjini
angeitoza ng'ombe wawili,
nasi tunaikojolea nyuma ya zizi.
Sala haikunijia. Nilivua kofia tu.

Ndui ilikuja na wauza chumvi, mwezi wa pili.
Mwezi huo ardhi ni chuma. Nilikoka moto
siku mbili pale mahali, ndipo sururu ikashika.
Jeneza fupi. Nilivuta kamba nusu.

Alizika mwenyewe; mwenzake wa ng'ambo
alikwama kwenye barafu ya ziwa.
Akafika kwenye mavumbi, na theluji ikaanza,
bila upepo, zile chembe kubwa.
Moja ikatua kwenye mkono wa joho.
Nikamwona anaiona.

Akanyamaza. Watu wakadhani kilio kimemkaba.
Gölin akaangua cha kwake, kwa niaba.
Lakini mimi nilikuwa karibu, koleo mkononi,
na ule mnyamazo naujua, nimeuona alfajiri mia.
Nikamchukia, nasema kweli mbele ya Mungu wake,
nikamchukia kwa muda wa chembe moja kuyeyuka.

Kisha nikamsikia, si kwa sauti ya mimbarini:
"Sita. Malin, bado ni sita."

Akaendelea na sala pale alipoiachia.

Usiku nilimpelekea kuni. Kitabu kilikuwa wazi.
Maneno siyajui, tarakimu nazijua.
Tarehe. Baridi. Na pale ambapo Malin huchora,
duara tupu, dogo kama ukucha wa mtoto.

Wengine husema siku ile alirukwa na akili.
Wengine husema hakuna aliyesali kama yeye.
Mimi nachimba, siamui.

Ila kesho yake nilipokwenda kupiga kengele
alikuwa nyuma ya kanisa, mkono hewani,
na kando yake, na shali mbili na uso uleule wa ugomvi,
Gölin,
kabana chupa ya wino kwapani.