Chupa ya Vimto

Maji ya kisima cha shangazi yamefika Sohar
ndani ya chupa ya Vimto,
kifuniko kimezungushiwa plasta, juu yake jina langu: Rayya.
Mara ya kwanza aliyatia kwenye chupa ya marashi.
Nikamwambia, haya hayapimiki, Shangazi, yananukia harusi.

Nazima taa. Navuta pazia, jua la saa nane lisipenye.
Chini ya mwanga wa zambarau
molekuli yetu, tuliyoipika miezi saba
tukapata vumbi lisilojaa kijiko,
inawaka kijani, kijani cha limau changa.

Kazi yake moja tu: kumtambua shaba.
Sodiamu ikipita, haigeuki.
Kalsiamu ikibisha hodi, haifungui.
Shaba akija, inamkumbatia,
na kwa kumkumbatia, inazimika.

Natia tone la kwanza.
La pili.
Kijani kinasita, kama mtu aliyesikia jina lake sokoni.
La tatu,
giza.

Miaka yote hii nimesomea mwanga;
leo jibu ni weusi ndani ya kijichupa.

Nampigia, kule bondeni chini ya machimbo ya zamani.
Kwa Kiswahili, maana habari mbaya
kwa Kiarabu changu hugeuka hotuba.
Usiyanywe tena, namwambia.
Ananyamaza. Nyuma yake nasikia pampu ikinguruma,
maji yakimwagika mferejini.
"Na mitende je?" anauliza.
"Nayo niiambie nini?"