Siku Saba za Kazi

Walifuta safari ya Bergen
nikiwa nimeshavua viatu mbele ya mashine,
soksi za kichanga zimo mkobani, jozi sita.
"Fedha zako, Bi Genovaitė, siku saba za kazi."

Kazi ya nani?
Mimi tangu hapo nimeshona magauni mawili ya arusi,
theluji ya Kaunas imeyeyuka, imerudi,
na Jokūbas, ambaye siku ile hajazaliwa,
ana meno manne na anamng'ata mama yake.

Bonyeza moja. Bonyeza tisa.
Simu yako ni muhimu kwetu.
Kisha kinanda, kilekile,
kinapanda ngazi tatu halafu kinasita
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Kijana wa Jumanne: fomu haijafika.
Binti wa Alhamisi: imefika, ila jina lako
lina nukta juu ya herufi ya mwisho,
na mtambo hauitambui nukta.
Miaka sitini na minane ninaishi na nukta hiyo.
Siku ya kulipa haikuwasumbua.

Leo wameniletea vocha.
Itumike kabla ya jana.

Usiku Jokūbas analia ndani ya skrini,
mama yake hoi, nami mkono haufiki.
Sina wimbo; zile za bibi yangu zimenitoka.
Najikuta navumisha kinanda chao,
ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu,
nasita.

Mtoto kanyamaza.
Ananikodolea macho,
anasubiri.