Kuosha Waya

Leta maji ya bomba, Høgni, si ya pipa.
Pipa lililala nje, upepo umelitia chumvi,
na waya huu na chumvi hawapikiki chungu kimoja.
Kaa upande ule, nami upande huu.
Mita tisini tutazipitisha kitambaani
kama mama anayechambua nywele za mtoto akitafuta chawa.
Vua glavu. Pamba tupu.
Uzi uliokatika hunasa pamba
kabla jicho halijauona.

Nyuzi mia na thelathini na tatu, zimesokotwa,
na unene wake haufiki kalamu.
Jana usiku ulimbeba Bárður, na machela,
na mvuvi aliyesagwa mkono na mashine ya nyavu,
wakizunguka hewani kama pia.

Utaniuliza nilisema nini pale mlangoni.
Wageni wote huuliza, wakidhani kuna dua.
Nilisema namba.
Rubani haoni chini ya tumbo la helikopta yake;
anaona mvua, anaona mshale wa mafuta, basi.
Nikinyamaza, amepofuka.

     Mbele kumi. Mbele nane. Mbele tano.
     Kulia mbili.
     Simama hapo hapo.
     Mtu yuko mlangoni. Mtu yuko nje.
     Anashuka.

Neno "nadhani" liache kabatini
pamoja na viatu vyako vya nyumbani.

Kulabu huguswa na bahari kwanza, imwage umeme wake;
mapanga yakikata mvua huujaza,
na asiyengoja hupigwa teke na punda asiyeonekana.
Hilo walilijua wale wa melini. Walingoja.
Bárður akatua, akajifungua, akapiga magoti kwa majeruhi.
Kulabu ikabaki inabembea.

Palikuwa na kijana mwenye kofia ya sufi, ya njano.
Akaikamata ile kulabu isipotee,
na kwa hisani yake mwenyewe
akaipachika kwenye reli ya meli.

Tani kadhaa za chuma, Høgni, na watu watatu ndani:
tukawa mbuzi wa kufungwa kambani.
Wimbi likashuka na meli yake. Waya ukaanza kulia.

Nikasema: Tumenasa.
Rubani akajibu: Nimesikia,
kwa sauti ya mtu anayepokea chenji dukani.

Kuliani kwangu kuna kifuniko chekundu.
Chini yake kitufe; kitufe huwasha baruti,
baruti husukuma kisu.
Tungepona sisi. Wa chini wangebaki chini,
na bandari ilikuwa mbali kwa saa saba.
Nilikiinua kifuniko. Sijamwambia Bárður.
Kwa mkono wa pili nikalegeza waya,
nikalegeza, nikalegeza,
mpaka ikatokea ile rangi nyekundu
inayosema waya umekwisha.

Bárður akageuka. Sijui kwa nini.
Naye hajui, nimemwuliza mara mbili.
Akaupiga mkono wa yule kijana, akaichomoa kulabu.

Tenda wema, nenda zako, husema watu.
Naam. Lakini fungua kwanza.

Mengine yamo kwenye ripoti: muda, urefu, hali ya bahari,
vidole viwili ambavyo hospitali haikuviokoa.
Ripoti haina mahali pa kofia ya njano,
wala pa kijana aliyeinua mikono yote miwili, mitupu,
atuonyeshe kwamba hashiki kitu,
akakaa vile vile mpaka taa yetu ikamwacha.

Pitisha. Taratibu. Usibane.

Mbona umesimama?

Rudi nyuma kidogo. Hapo.
Ondoa kidole nione.
Ndiyo. Pamba imenasa.

Andika: mita ya themanini na mbili, uzi mmoja.
Saa. Tarehe.
Jina lako kwanza, ni wewe uliyeuona.
Kisha piga simu bohari, waambie walete mwingine
kabla giza halijaingia.