Beki Kitasa

Miaka tisa nilimtazama mgongo.
Mkewe alimjua kwa uso, mimi kwa visigino,
kwa namba tano iliyobanduka nusu
ikaning'inia kama ndoana kwenye jezi ya kijani.
Nyuzi FC, timu ya kiwanda:
mshahara ukichelewa tulilipwa doti za khanga
zilizokosewa rangi. Bulugu Mihayo
aliziuza zake palepale getini,
mimi zangu nikampelekea mama.

Kipa haoni mechi. Kipa anaona mabeki.
Akiinua bega la kushoto, najua krosi inakuja.
Akitema mate, straika wao ameshamtukana.
Akisimama tu, mikono kiunoni,
basi mlango umefungwa, naweza kuwaza madeni yangu.
Jukwaani waliimba jina la winga wetu.
La kwake lilitajwa akikosea.

Wakaja wageni kutoka Bukoba, Jumapili ya vuli,
mpira mzito kama robota la pamba lililolowa.
Krosi ya juu, katikati yetu.
Kuna neno moja kipa anapaswa kulisema.
Mtoto wa darasa la pili analijua.
Halikutoka.
Akaruka yeye, nikatoka mimi,
na goti lake likalia, sijui nilifananishe na nini,
nilikuwa karibu mno,
karibu kuliko refa.
Mpira ulikwenda kona. Hatukufungwa.
Gazeti liliandika: sare.

Bugando, wiki sita. Nilipeleka machungwa.
Tukazungumzia machungwa.

Kiwanda kikafungwa, mitambo ikauzwa chuma chakavu.
Mimi nikaziba pancha Mabatini;
yeye akapotelea Geita, akarudi na filimbi.
Hakuna timu iliyomwita. Akaokota watoto
nyuma ya Mwaloni, Kirumba, kwenye uwanja
wenye jabali katika kona ya kaskazini.
Akawaambia: hilo nalo ni mchezaji, mpigieni pasi,
halijawahi kuupoteza mpira.
Dagaa wanaanikwa hadi mstari wa pembeni,
na ukibutua ovyo unamlipa Mama Ng'washi dagaa wake.
Ndiyo maana vijana wake hawabutui.
Wawili wako ligi kuu leo. Wakiulizwa redioni
nani aliwafundisha utulivu, wanamtaja kocha.
Wanaona haya kusema dagaa.

Mwaka juzi alisimama mbele ya kibanda changu.
"Nina makipa watatu," akasema,
"wote mabubu."
Hivyo tu, akaondoka.

Sasa nasimama mbele yake, nauona uso:
kovu kidevuni ambalo sikuwahi kulijua,
jicho moja linalotangulia lingine kucheka.
Anachechemea akichora mistari kwa majivu,
na somo la kwanza, kila msimu,
ni kupiga kelele.
Anawapanga watoto wakilitazama ziwa.
"Wangu!"
"Sijasikia."
"Wangu!"
Kivuko cha Kamanga kikipiga honi
anasema, mmeona, hata chuma kinasema.
Hanitazami akifundisha hilo.
Nami hujipa kazi ya kujaza upepo
mipira iliyojaa tangu asubuhi.

Jana Shigela, kipa mdogo, alinyamaza kwenye krosi
akagongana na beki wake. Hawakuumia.
Filimbi ikalia. Kocha akageuka,
na kwa mara ya kwanza tangu mvua ile
akanitazama sawasawa.
"Mwonyeshe."
Akaupiga mwenyewe, juu, kwa mguu uleule mbovu.

Nina miaka hamsini na minne.
Nikatoka golini, magoti yakilalamika,
nikafungua kinywa, na neno likaja
likiwa limechelewa miaka ishirini na sita.
Korongo wakaruka kutoka juu ya jabali.
Wanawake wa dagaa wakageuka
kuangalia nani ameibiwa nini.

Mpira ukaniponyoka.
"Achana na mpira," akasema. "Sauti umeisikia?"
Hakusema anamuuliza nani.