Chumba Kimoja, Nyalenda

Mama aliuliza nachora nini. Nikamgeuzia skrini:
kiwanja cha silikoni, kidogo kuliko ukucha wa gumba,
na ndani yake viini vinane, mtambo wa picha,
kumbukumbu ya kuchangia, milango ya kuingiza na kutoa.
"Nyumba ya nani?"
Ya kompyuta. Zamani kila kazi ilikuwa na kibanda chake,
data ikashinda njiani. Sasa zote zimepanga chumba kimoja.

Akacheka. "Kama sisi."

Kweli: leso ikitenga kitanda na cherehani,
kabati moja la unga, daftari zangu, vitambaa vya wateja wa Kibuye,
kila mkono ukichota bila kuvuka kizingiti.

Lakini wiki ya tatu nashindwa na joto.
Nimepunguza kasi, nimehamisha nyaya; doa jekundu
linabaki palepale viini vinapopakana na picha.

Mama akaligusa kwa kidole chenye kovu la pasi.
"Apondi, moto umeupangisha kando ya moto.
Mimi jiko kule, pasi ya makaa huku,
katikati mtungi."

Umeme ukakatika. Betri ilibakisha saa moja na nusu.
Nikaisukuma akiba, ile kumbukumbu ndogo isiyotokwa jasho,
ikalala kati ya mioto miwili.
Nyaya zikarefuka, mapigo yakachelewa kidogo,
nikayasamehe.

Doa likageuka rangi ya chungwa.
Si kijani. Chungwa.
Gizani nikasikia mama akinywa maji,
kata ikigonga mtungi.