Kisanduku chenye Nyota Nyekundu

Waraka ulifika Jumatatu, na vumbi la Mtumba juu yake:
kwa nafasi hizi tatu za akili mnemba
msianze na cheti. Anzeni na kazi.
Niliusoma mara mbili, nimesimama,
mimi afisa utumishi wa miaka kumi na tisa
ambaye vyeti vyangu vimelala ndani ya nailoni
chini ya godoro kule Nkuhungu
kama watoto wagonjwa wasiotakiwa kupigwa na upepo.

Tukapanga kompyuta nne chumba cha mikutano.
Hapakuwa na "jieleze kwa kifupi."
Palikuwa na malalamiko elfu mbili ya wananchi,
maji, mipaka ya viwanja, posho ya mwalimu wa Bahi,
na mashine iliyofunzwa kuyagawa mafungu:
haya ya haraka, haya yasubiri, haya hayana maana.
Tukasema: mashine hii inakosea. Tafuteni wapi.
Mna saa mbili. Chai iko pale.

Kijana mmoja wa shahada mbili
alinena vizuri, simnyimi haki yake.
Alichora mishale ubaoni, mishale ikazaa mishale,
muda ukamwishia angali kwenye utangulizi.
Nilimwonea huruma. Nilijiona.

Nyemo Chidawali alitoka Hombolo kwa pikipiki,
magoti meupe,
kidato cha nne, fundi simu wa gulioni,
aliyejifunza kwa bando la usiku, wengine wakikoroma,
hadi akaifundisha simu ya elfu themanini
kutazama jani la mzabibu na kusema: ubwiri.

Hakugusa kibodi kwanza.
Alifungua lile fungu lisilo na maana
akasoma barua moja moja, midomo ikitikisika,
kama anayepepeta uwele na kuogopa kumwaga.
Kisha akacheka, si kwa dharau.
"Wameandika kama tunavyoongea kwetu.
Huyu kaandika 'selikali'. Huyu 'balabala'.
Mashine yenu imekulia kwenye magazeti,
kila l iliyokaa kiti cha r inaiona upuuzi.
Tazameni: kijiji kizima, miezi saba,
kinalilia pampu moja."

Bi. Ngalomba, mwenyekiti wa jopo,
aliweka kalamu chini, na kwa mazoea tu
akauliza lile swali la zamani: "Umesoma wapi?"
"Shule ya kata, mama. Halafu kwenye simu."

Tisini na moja kwa mia. Anayemfuata, sitini na nne.

Jioni nikafungua mfumo wa kuingiza waajiriwa wapya.
Jina: ukakubali.
Tarehe ya kuzaliwa: ukakubali.
Ujuzi: hapakuwa na mahali pa ujuzi.
Chuo: kisanduku chenye nyota nyekundu.
Nikakiacha wazi. Ukakataa.
Nikaandika "hana". Ukakataa.
Nikaandika "rejea waraka", na kumbukumbu namba yake yote,
herufi zikazidi.
Nikaweka nukta. Nukta tu, kama mbegu ya mchicha.
Kigurudumu kikazunguka, kikazunguka,
nikaanza kutabasamu,
ukakataa.

Nje mabasi ya watumishi yalikuwa yanawasha injini.
Upepo wa Julai uliilaza miche tuliyopanda Aprili;
vibao vya majina ya waliopanda
bado ni virefu kuliko miche yenyewe.

Nikapiga simu kitengo cha msaada.
"Andika malalamiko, mzee, yataingia kwenye foleni."
"Nani anayasoma?"
"Siku hizi yanajipanga yenyewe."

Basi nikaandika. Mimi, mwenye mhuri na ufunguo wa masijala,
nimehamia upande wa wanaolia.
Nilieleza habari ya Nyemo, na nyota, na nukta.
Na kwenye mstari wa kwanza, makusudi,
niliandika "selikali", kwa l,
kisha nikazima taa, nikaacha skrini ikiwaka,
nikakaa kungoja
fungu nitakalotupiwa.