Deni la Dawa

Kavala, nyuma ya maghala ya tumbaku,
mwaka wa tatu wa kubana matumizi.

Jana waziri kasema kwenye runinga
tukaze mkanda.
Mzee Stamatis akacheka mpaka akakohoa,
akanionyesha wake: matundu manne mapya,
kayatoboa mwenyewe kwa msumari.
"Nikikaza tena," kasema, "nitakutana na uti wa mgongo."

Vidonge vya presha anavikata kwa kisu cha mkate,
nusu leo, nusu kesho.
Najua. Unga wake uko kwenye mkono wa koti.
Mimi mfamasia, nilisomea vipimo miaka mitano,
nikaapa, nikatundika cheti ukutani,
na sasa namwambia: basi kata katikati, usikate pembeni.

Mgonjwa haulizwi uji,
lakini dirishani kwa bima wanauliza kila kitu:
muhuri wa nani, karatasi ya rangi gani,
na mapato ya binti aliyehamia Stuttgart
kupiga deki hospitali
yenye kila kitu ambacho yetu haina.

Mfuko wa bima una miezi kumi na moja haujanilipa.
Wauzaji wa jumla wanataka taslimu.
Nimezima msalaba wa kijani juu ya mlango
ili friji ya insulini iendelee kunguruma.
Wenye shida wanaijua njia hata gizani.

Ninalo daftari, la shule, jalada la bluu,
kurasa alizobakisha mwanangu darasa la sita.
Dawa ya deni kulipa, ndivyo tulivyofunzwa;
lakini hawa walikwisha kulipa.
Bi Anthoula alilipa miaka thelathini na minne,
akichambua majani ya tumbaku, vumbi kifuani,
kila mwezi wakikata chao kabla hajaona chake,
wakimwambia ni akiba, na akiba haiozi.
Imeozea wapi, katika jengo gani,
mbona hatukusikia hata harufu?

Jumatatu aliingia na kopo la biskuti.
Akaliweka kaunta. Kiti alikikataa.
"Vya Manolis," akasema. "Vimebaki kumi na tisa.
Arobaini yake imekwisha.
Mpe mwenye moyo kama wake."

Sheria hairuhusu.
Nilisoma tarehe chini ya taa, mara mbili,
nikabandua jina la marehemu kwa ukucha.
Jioni ile Stamatis alimeza kidonge kizima,
akauliza kwa nini leo hakina makali ya kisu.

Usiku nikafungua ukurasa wa kwanza,
ule niliouacha wazi miaka yote, sijui kwa heshima gani,
nikamwandika mdaiwa kama ninavyowaandika wote:
jina, kiasi, tarehe.
Serikali.
Kwenye safu ya maelezo, ambako kwa wengine huandika
*atalipa pensheni ikiingia*,
kalamu ilisita kidogo, kisha:
*mkanda wake sijauona.*